Rudi Nyuma, Mzee Okwara

Asubuhi ile ya mwezi wa tano, mwaka wa sabini na nne, Okwara alikuwa na mtoto mmoja mikononi na mwingine bado yumo tumboni mwa mamake, na hakuna aliyejua huyo wa pili angetoka kwa njia gani.

"Amelala kingamo," alisema sista Perez, muuguzi wa kituo cha afya pale Busia, huku akijifuta jasho kwa kiwiko. "Kichwa kiko huku, miguu kule. Nimejaribu kumgeuza mara mbili. Huyu anataka kisu, mzee, na mimi sina kisu wala daktari."

Okwara hakuelewa. Mkewe, Eucabeth, alikuwa amejifungua watoto wanne nyumbani kwao Marachi bila kelele, wa kwanza wao akiwa Paulinus ambaye sasa alikuwa darasa la sita. Hata habari kwamba safari hii ni pacha aliipata alfajiri ile ile, wa kwanza alipokwisha kulia na tumbo likabaki pale pale kama halijatoa kitu.

"Tumpeleke hospitali ya Nangina," alisema.

"Mto Sio umefunika barabara ya huko tangu juzi. Na njia ya Kisumu, malori matatu yamezama kwenye tope kule Butula, hakuna gari linalopita." Perez akamshika Okwara mkono wa shati. "Sikia. Kuna ndege kiwanjani. Imeleta sanduku za chanjo, nimesikia ikitua. Chukua baiskeli yako uende ukamwambie rubani asiondoke. Ukifika ameondoka, basi tena."

Okwara alimpa mama mkwe wake yule mtoto, akaruka juu ya baiskeli.

Baiskeli ndiyo ilikuwa shamba lake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akibeba watu na mizigo kutoka ofisi za forodha za upande huu hadi upande wa Uganda, kwanza Malaba, kisha Busia. Alibeba akina mama wenye mabeseni ya samaki, akabeba makarani wenye viatu vya kung'aa, akabeba gunia mbili za kahawa kwa mpigo usiku askari wakiwa wamelala. Lakini siku hiyo, akiwa hana abiria wala gunia, baiskeli ilipepesuka mara tatu kabla hajafika kiwanjani Korinda.

Alikuta rubani akifunga mlango. Okwara akatupa baiskeli majanini.

"Boss! Boss, ngoja!"

Rubani aligeuka, na Okwara akabaki kinywa wazi. Alitegemea kuona Mzungu. Aliyesimama mbele yake, amevaa shati jeupe na miwani ya jua, alikuwa Edris, mwana wa Mutwalibu mwenye malori, kijana aliyekuwa akimwona zamani akikimbiza tairi kuukuu nyuma ya msikiti.

"Edris? Wewe ndiye unaendesha hii?"

"Ni mimi, mzee. Kuna nini?"

Okwara alimweleza, maneno yakigongana mdomoni. Edris hakuuliza maswali mengi. Alitazama saa, akatazama mawingu upande wa ziwa, kisha akaingia ndani na kuanza kufungua viti viwili vya katikati ili machela ipate nafasi.

Pikapu ya mwuza mikate ndiyo iliyomleta Eucabeth, Perez akiwa amepiga magoti kando yake. Walipomlaza sakafuni mwa ndege, kichwa kikielekea mbele na miguu ikielekea mkiani, alikuwa amefumba macho na midomo imepauka. Perez akaketi miguuni pake, nyuma kabisa. Ndipo Edris akamgeukia Okwara.

"Mzee, una kilo ngapi?"

"Kilo?" Okwara alishangaa. "Sijawahi kupimwa. Kahawa ndiyo hupimwa."

"Lazima nijue. Ndege ni kama mizani inayoning'inia kwenye mabawa. Uzito ukizidi nyuma, pua inainuka. Ukizidi mbele, inainama. Ikipita kiasi, hata mimi siwezi kuishika."

Hilo Okwara alilielewa kuliko Edris alivyodhani. Gunia likikaa vibaya kwenye kiti cha nyuma, gurudumu la mbele huanza kuelea, na usukani unakuwa kama si wako. Dawa yake ni kulala juu ya usukani, kifua chako kiwe gunia la pili. Akasema, "Niweke mahali unapotaka." Edris akamweka nyuma, karibu na Perez, kwa sababu mbele alikuwa amefunga masanduku matupu ya chanjo kwenye kiti cha kando yake.

Ndege ilikimbia juu ya nyasi, ikaruka tuta, ikarudi chini, ikaruka tena, na safari hii haikurudi. Okwara alishika nguzo ya kiti. Aliona mabati ya Busia yakipungua, malori ya forodha yamepangwa kama sanduku za viberiti, na mbele yao, juu ya machinjio, makorongo.

Kila mtu wa Busia aliwajua ndege hao, wale wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, wanaotembea kama wazee waliokasirika kati ya damu na mifupa. Asubuhi jua likipasha ardhi hupanda nalo, wakizunguka polepole bila kupiga bawa. Edris aliwaona. Akalaza ndege upande wa kulia, na kundi zima likapita kushoto. Zima, isipokuwa mmoja. Huyo alishtuka, akakunja mabawa yake yote mawili, akaanguka kama jiwe.

Okwara alimwona akipita nje ya dirisha. Kichwa chekundu, jicho. Kisha nyuma kukatoka kishindo kama gunia la mahindi lililodondoka juu ya paa la mabati.

Kwa sekunde moja hakuna kilichotokea. Perez alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndipo pua ya ndege ilipoanza kuinuka.

Iliinuka taratibu. Okwara alitazama mbele asione tena ardhi, akaona mawingu matupu. Muungurumo wa injini ukawa mzito, kama lori linalopanda mlima na mzigo, na mahali fulani karibu na bawa kukaanza kulia sauti nyembamba kama filimbi ya mtoto. Edris alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili akiusukuma mbele, mishipa ya shingo imemsimama, na usukani haukwenda.

"Umekwama," alisema Edris. "Mkia umekwama!"

Kisha ndege ikachoka. Hivyo ndivyo Okwara alivyolieleza jambo lile maisha yake yote: ndege ilichoka. Filimbi ikawa yowe, mabawa yakatikisika, na bawa la kushoto likadondoka. Eucabeth alipiga kelele kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Kila kitu kilichokuwa sakafuni kikaruka: chupa ya maji, kitambaa, kiatu cha Perez. Kupitia dirisha la kushoto Okwara aliona mashamba ya Marachi yakizunguka, mihogo, boma, ng'ombe mweupe, na alijua kwa uhakika mkubwa kwamba amekufa.

Edris alivuta injini ikanyamaza. Ndege ikaanguka, ikapata upepo chini ya mabawa, ikajinyoosha, na papo hapo pua ikaanza tena kuinuka.

"Mzee Okwara!" alipaza sauti bila kugeuka. "Njoo mbele! Njoo mbele sasa hivi!"

Okwara hakukumbuka alivyopita. Alimkanyaga mkewe begani, hilo alilijua baadaye. Alijikuta kifudifudi juu ya masanduku ya chanjo, kichwa chini ya kioo, miguu hewani, na chini ya kifua chake akahisi pua ya ndege ikishuka, polepole, kama gurudumu la mbele linaporudi barabarani. Filimbi ikanyamaza.

"Hapo!" alisema Edris. Alikuwa akipumua kama aliyekimbia. "Kaa hapo. Usipumue hata."

Injini ilirudi, kidogo kidogo.

"Kuna vibao viwili mkiani," Edris alianza kueleza. "Ndivyo vinavyoinua pua na kuishusha. Yule korongo amevikunja. Vimeganda vikielekea juu. Mabawa yananisikia, naweza kugeuka kushoto na kulia. Lakini juu na chini sina. Nina injini, na nina wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mkia sasa."

Okwara angecheka kama kinywa chake kingekuwa na mate. Aligeuza kichwa. Perez alikuwa amemkumbatia Eucabeth miguu, amefunga kitambaa cha kichwa kwenye nguzo ya kiti na kukizungusha kiunoni mwake asirushwe. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Sista!" aliita Edris. "Wewe usisogee hata inchi moja mpaka tutue. Umenisikia?"

"Nisogee niende wapi?" Perez alijibu. "Mtoto ametoa mkono!"

Okwara alisikia neno hilo, mkono, lakini halikumwingia akilini.

Edris hakurudi Busia. Alisema kiwanja cha nyasi ni kifupi, na kina mbuzi na watoto waliokuja kutazama, naye asingeweza kutua kwa usahihi. Kisumu kuna lami ndefu kando ya ziwa, kuna gari la zima moto, kuna daktari. Dakika ishirini na tano. Aliongea na Kisumu kwa redio kwa Kiingereza, na Okwara hakujali Kiingereza; alisikiliza sauti tu, na sauti za wale wa upande wa pili zilipobadilika na kuwa za upole mno, alijua wanawahesabu kuwa maiti.

Hizo dakika ishirini na tano alikuwa akitambaa. Edris alipoongeza injini, pua ilitaka kupanda, akamwambia, "Mbele kiganja kimoja." Alipopunguza, ikainama, akamwambia, "Nyuma kidogo, kidogo, hapo." Upepo wa joto kutoka vilima vya Maseno uliwanyanyua kama mtu anayepepeta mahindi, na Okwara akawa akienda mbele na nyuma juu ya masanduku yale, akitumia magoti na viwiko, akiisikiliza ndege kwa tumbo lake. Punde si punde alianza kusogea kabla Edris hajasema. Hakujua anajuaje. Alikuwa amebeba watu wanaoogopa kwa miaka kumi na miwili, watu wanaoinama upande usiofaa kwenye kona, na mwili wake ulikuwa umejifunza kujibu kabla kichwa hakijauliza.

"Hivi ndivyo ndege wanavyofanya," Edris alisema ghafla, labda ili asikie sauti ya mtu. "Korongo hana usukani. Anasogeza mabawa mbele kidogo, nyuma kidogo, anakunja mkia, anashusha miguu. Kutwa nzima anatafuta mizani na sisi tunadhani amelala."

Okwara alikuwa akiliona ziwa.

Ziwa lilitokea kama bati kubwa lililotandazwa, na kando yake mstari mweusi wa lami, mwembamba kama mkanda wa suruali. Edris alizunguka mbali, kwa duara kubwa, kisha akaielekeza pua kwenye mstari ule.

"Sasa nisikilize, mzee. Nitapunguza injini, tutashuka. Lakini tukigusa chini pua ikiwa imeinama, gurudumu la mbele litavunjika na tutapinduka. Ndege akitua hujirudisha nyuma, si umemwona? Miguu mbele, kifua juu. Na sisi hivyo hivyo. Toka kwenye masanduku sasa, uchuchumae pale kati ya viti, karibu na kichwa cha mama. Nikisema rudi, unarudi nyuma mpaka kwa sista. Mara moja. Usiulize."

"Nimesikia."

"Mara moja, mzee."

Okwara alishuka kwenye masanduku, akachuchumaa sentimita chache kutoka usoni mwa mkewe. Eucabeth alikuwa amefumbua macho lakini hakumwona. Alikuwa akitazama mahali pengine, ndani kabisa ya maumivu yake.

Injini ilinyamaza nusu. Nyasi zilikuja. Gari jekundu, watu wamesimama juu yake. Maji upande wa kulia, karibu, karibu mno. Kisha lami ikajaa kioo kizima.

"Rudi!" alipiga kelele Edris. "Rudi nyuma, mzee Okwara! Rudi!"

Okwara hakurudi.

Alisikia neno. Alilielewa. Aliamuru miguu iende, na miguu haikwenda. Wakati huo huo upepo kutoka ziwani ukaikumba ndege kwa mbele, na pua, ambayo ilikuwa imeinama, ikainuka yenyewe. Filimbi ikaanza. Walikuwa juu ya lami kimo cha mnazi. Wakaelea hapo. Kisha upepo ukawaachia, pua ikaanza kuanguka, na ndipo Okwara alipojikuta anaruka, anaanguka nyuma juu ya Perez, kichwa chake kikigonga mbavu za ndege.

Magurudumu ya nyuma yaligusa kwanza. Yakaruka, yakagusa tena. La mbele likafuata kwa kishindo, halikuvunjika. Waliyumba, wakaingia majanini, wakasimama.

Kisha mlango ulifunguliwa kutoka nje na mikono mingi ikaingia, ikamchukua Eucabeth, ikamchukua Perez aliyekuwa akikimbia kando ya machela kwa kiatu kimoja akipiga kelele, "Kingamo! Mkono uko nje! Kingamo!" Gari la wagonjwa likaondoka na king'ora. Hakuna aliyemkumbuka mume.

Okwara alishuka, akaenda nyuma ya ndege kwa sababu miguu ilimpeleka huko. Alipouona mkia, alishika kichwa.

Upande wa kushoto haukuwapo. Palikuwa na kipande cha bati kilichosokotwa kama jani la mgomba lililoungua, na waya uliochomoza. Ule wa kulia ulikuwa umekunjwa kwenda juu, na katikati yake, umebanwa kwenye maungio, ulikuwapo mguu mrefu mweupe wa korongo, makucha yamefunguka. Manyoya madogo yalikuwa yanapeperuka kwa upepo wa ziwa.

"Hii ndiyo imetubeba?" alimwuliza Edris aliyekuja nyuma yake.

Edris alivua miwani. Alitazama. Alifungua mdomo ajibu, na badala ya kujibu akaketi chini majanini, shati lake jeupe na yote, akaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria, na wazima moto wawili wakaja kumfunika blanketi katika jua lile la saa tano.

Mtoto wa pili alitolewa kwa kisu kabla ya adhuhuri. Alikuwa msichana, mkono mmoja umevimba na kuwa wa buluu, lakini alikuwa akilia. Daktari alimwambia Okwara kwamba robo saa zaidi angewakosa wote wawili. Okwara aliitikia kwa kichwa, akatoka nje ya wodi, akalala chini ya ukuta, akalala usingizi mpaka kesho yake.

Busia waliporudi kwa basi baada ya wiki tatu, habari ilikuwa imewatangulia na imeota pembe. Walisema Okwara ndiye aliyerusha ndege. Walisema alitoka nje akashika mkia kwa mikono. Vijana wa baiskeli walimwita Rubani. Yeye alicheka pamoja nao, lakini hakuwaambia kwamba usiku anasikia filimbi, wala kwamba kivuli cha ndege yeyote kikipita barabarani yeye hushuka kwenye baiskeli na kusimama kando mpaka moyo utulie. Maofisa wawili walikuja kutoka Nairobi kumhoji. Alisema, "Nilifanya nilivyoambiwa." Wakaandika, wakaenda.

Mwezi wa saba, Hadijah, mamake Edris, alimtuma mtu. Edris alikuwa nyumbani tangu ajali. Hali chakula vizuri. Barua zimekuja kutoka kazini zikimtaka arudi, naye hazifungui. "Njoo, mwanangu," alisema mjumbe kwa niaba ya Hadijah, "na uje na mama watoto. Labda akiwaona mko hai."

Walikwenda Jumapili mchana. Eucabeth alimbeba msichana, Okwara akambeba yule pacha wa kwanza, mvulana. Hadijah aliwapokea kwa machozi, akawakalisha kwenye zulia, akaleta chai ya tangawizi na mandazi. Edris alitoka chumbani amekonda, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akamgusa ule mkono uliokuwa umevimba, ambao sasa ulikuwa mzima.

Kisha akasema, "Mzee Okwara, nina neno limenikaa rohoni, na leo nitalisema mbele ya mama yangu. Kule Kisumu nilikwambia rudi, na hukurudi."

Okwara aliteremsha kikombe.

"Nilikosea," Edris aliendelea. "Niliagiza mapema mno. Sikuuona ule upepo. Ungerudi pale niliposema, pua ingepanda moja kwa moja, tungechoka hewani kimo kile na kuanguka kwa mgongo. Nimefanya hesabu mara mia. Wewe uliuhisi upepo kwa tumbo lako, ukangoja, ukarudi wakati wake. Na mimi nikawaandikia wakubwa kwamba abiria alifuata amri yangu. Wamenisifu kwa barua. Nitarudije kukaa kwenye kile kiti?"

Hadijah alikuwa ameshika mdomo. Kwa Okwara ingekuwa rahisi kuitikia. Tayari mjini walikuwa wakimwita Rubani. Sasa sifa ile ingekuwa ya kweli, na kutoka kinywa cha rubani mwenyewe. Alimtazama mvulana mapajani mwake.

"Edris," alisema, "usinivike kanzu isiyokuwa yangu. Sikuhisi upepo wowote. Nilikusikia ukisema rudi nami nikataka kurudi. Miguu ilikataa. Niliogopa mpaka miguu ikafa. Nimeona aibu tangu siku ile kumwambia mtu. Nilidhani uoga wangu ndio ulitaka kutuua."

Edris alimkodolea macho. "Uoga?"

"Uoga mtupu."

"Si uoga," alisema Eucabeth.

Wote waligeuka. Hakuwa ameongea tangu aingie. Alikuwa akimfunga mtoto shuka vizuri, na hakuinua uso.

"Nilikuwa nimekushika kifundo cha mguu," alimwambia mumewe. "Kwa mikono miwili. Uchungu ulinijia pale pale, ule mkubwa, nikatafuta kitu cha kushika. Ulivuta, nikakataa kuachia. Uchungu ulipopungua nikaachia, ukaenda zako."

Nje mtu alikuwa akipiga honi kwenye foleni ya forodha, mara moja, mara mbili. Okwara alitazama kifundo cha mguu wake wa kulia kana kwamba hakijawahi kuwa chake. Edris alikuwa ameshika kikombe njiani kuelekea mdomoni na kimebaki hapo hapo, chai ikimwagikia zulia la mamake bila yeye kujua.

"Uchungu wa mtoto," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mimi nimekaa miezi miwili nikihesabu kasi ya upepo na kimo."

Kisha akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilitoka kama kikohozi, kikamkamata, machozi yakamtoka, na Hadijah akamshika mabega akidhani mwanawe amepata wazimu. Lakini alipomaliza alikula mandazi matatu, akaomba mengine.

Wiki ile alifungua barua zake. Aliandika yake pia, akawaeleza wakubwa ukweli wote jinsi alivyousikia, na ukweli huo ulimgharimu: walimsimamisha hadi mwezi wa kumi, wakamrudisha kufanya mitihani upya na mwalimu kando yake. Alifanya. Mwaka uliofuata aliruka tena, akileta chanjo na kuchukua wagonjwa, ingawa watu wa kiwanjani walisema siku hizi anazunguka uwanja mara mbili akitazama juu kabla hajawasha injini.

Siku ile ya Jumapili, walipokuwa wakirudi kwa miguu, kila mmoja na mtoto wake, Okwara alivumilia mpaka walipopita maduka ya mwisho ndipo akauliza.

"Mama Paulinus. Miezi miwili yote. Mbona hukuniambia?"

"Ulisema kwa wale wa Nairobi ulifanya ulivyoambiwa. Nikajua hutaki maneno."

"Lakini mimi ni mumeo."

Eucabeth alisimama, akamhamishia msichana bega la pili. "Ningekwambia nini? Kwamba nilikuwa natafuta mti wa kushika nikapata mguu? Hata sikujua ni wako. Nilidhani ni wa kiti."

Walitembea mpaka nyumbani Marachi, na njia nzima Okwara alikuwa akiutazama mguu wake wa kulia.